Kumpeleka mtoto mazoezi: Tawakkal ni maandalizi, si uzembe

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Tukuyu

SIFA njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake, maswahaba zake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ndugu Waislamu, wiki hii nimeona nizungumzie jambo ambalo halisikiki sana katika mimbari zetu. Nalo ni la watoto wetu wenye matatizo ya viungo, hasa wale wenye mtindio wa ubongo, na wajibu wetu sisi wazazi tunapotakiwa kuwapeleka hospitali kwa ajili ya tiba ya mazoezi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani si vizuri mtu kuwanyooshea wenzake kidole hali yeye hajajikagua.

Mwanangu wa tatu alizaliwa kwa shida, na alichelewa kulia. Alipofika miezi tisa alikuwa bado hawezi kukaa, na mkono wake wa kulia aliukunja ngumi muda wote. Madaktari wakatuambia ana mtindio wa ubongo na kwamba anahitaji mazoezi ya viungo. Tangu hapo mama yake ndiye aliyekuwa akimpeleka katika hospitali moja mjini Mbeya, kila mwezi mara moja. Kazi yangu mimi ilikuwa kutoa nauli, tena wakati mwingine kwa kunung'unika, nikijiona nimekwishamaliza wajibu.

Ikatokea siku moja mama yake akaamka na homa kali, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kliniki. Nikambeba mtoto mimi. Ilikuwa msimu wa masika, na mvua ya Tukuyu wenyeji wake mnaijua. Tuliondoka stendi alfajiri kwa Coaster, mtoto hajanywa uji. Tulipofika kwenye ukungu na baridi ya Isongole akaanza kulia kwa njaa. Nikamnunulia biskuti na soda, akatapika. Nilikuwa sikubeba nguo ya kumbadilisha, na kadi yake ya kliniki nilikuwa nimeiacha mezani nyumbani.

Tulipoingia kwa mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole, akaniuliza: "Baba, siku hizi mtoto anashika kijiko kwa mkono upi?" Sikujua. Akauliza kama yale mazoezi ya mwezi uliopita yanafanyika nyumbani na mara ngapi kwa siku. Sikujua. Akauliza kama mtoto amekunywa dawa yake ya degedege asubuhi hiyo. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa hakunywa. Yule dada hakunigombeza. Alisema tu: "Mimi naye tunakaa nusu saa, baba. Ninyi mnakaa naye mwezi mzima."

Wallahi, maneno yale yaliniingia. Wiki ileile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha pili maana ya tawakkal, na nilikuwa nimewapa mfano wa ngamia!

Ngamia wetu hatujamfunga

Wengi wetu tunaifahamu hadithi ya ngamia iliyopokewa na Imam Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah, au amwache bila kumfunga na amtegemee Allah. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Hadithi hii tunaitaja tunapozungumzia biashara, shamba na mitihani ya watoto shuleni. Lakini mtoto mgonjwa anapohusika, utamsikia Muislamu akisema "Tumemwachia Allah", hali ya kuwa kadi haijulikani iko wapi na tarehe ya kliniki imepita wiki tatu.

Tuitazame pia Qur'an. Katika Suratu Maryam (19:25) Bibi Maryam, akiwa katika uchungu wa kuzaa na hana msaidizi, anaamrishwa alitikise shina la mtende ndipo tende zimdondokee. Jamani, mwanamke aliye katika uchungu ana nguvu gani za kutikisa mtende? Allah (s.w.) angeweza kuziangusha tende zile bila ya yeye kunyoosha mkono. Lakini alimtaka afanye kile kidogo alichokiweza, na riziki ikaja.

Na mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, aliwaambia watafute, kwa sababu Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea na dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii imepokewa na Usama bin Shariik (r.a.) na imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Hivyo basi, kumpeleka mtoto hospitali hakupunguzi imani. Kwa mwenye uwezo wa kumpeleka, ni sehemu ya kuitunza amana.

Tuyajue maradhi yenyewe

Huwezi kujiandaa kwa jambo usilolijua. Mtindio wa ubongo ni hali inayotokana na ubongo wa mtoto kuumia au kutokua sawasawa ukiwa bado mchanga. Huenda likatokea tumboni, wakati wa kuzaliwa au baada ya hapo. Miongoni mwa sababu zake ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano kali ya siku za mwanzo isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo na malaria inayopanda kichwani. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Mtoto huyu hakurogwa na jirani. Mama yake hakufanya dhambi iliyomfanya azaliwe hivyo. Wapo wanaume katika mitaa yetu, kuanzia Bulyaga mpaka Makandana, na huko Kiwira na Masoko, waliowaacha wake zao kwa kisingizio kwamba upande wetu hakuna watoto wa namna hii. Hiyo ni dhulma, na dhulma ni giza siku ya Kiyama.

Dua tuombe, na Qur'an tumsomee mtoto, kwani hilo ni jambo jema katika dini yetu. Lakini anayekwambia umfungie mtoto hirizi au umchanje chale, kisha uache mazoezi na dawa ya degedege, huyo anakuibia pesa, na kibaya zaidi anakuibia muda. Ubongo wa mtoto hujifunza haraka mno katika miaka ya mwanzo, na viungo visivyonyooshwa hukakamaa. Muda uliopotea kwa mganga haurudishwi.

Basi ukiona mtoto wa miezi minne hawezi kuinua shingo, wa miezi tisa hawezi kukaa, wa mwaka na nusu hajatembea, au ambaye hajatimiza mwaka anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja, usingoje. Mpeleke akaangaliwe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya wilaya pale Makandana, ueleze unachokiona, nao watakuelekeza mahali pa mazoezi. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya.

Na tusidanganyane katika hili. Mazoezi hayaondoi mtindio wa ubongo. Yanamsaidia mtoto akae, ale, ashike, asogee na aishi kwa heshima kadiri Allah alivyomjaalia. Anayekwenda kliniki akitarajia sindano moja ya kumaliza kila kitu ataacha baada ya mwezi wa pili.

Maandalizi kabla ya safari

Muislamu haingii katika swala hivihivi. Hutia nia, hutawadha, husitiri mwili, hujua wakati umeingia na huelekea Kibla. Ibada ya dakika kumi ina maandalizi yote hayo. Basi na hii safari ya kliniki, ambayo ukiitilia nia njema ni ibada, tuiandae kwa mpangilio.

Kwanza, ni mashauriano. Suratul Baqara (2:233) inapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa, inataja kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama, na inakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa tu kunataka shura, vipi tiba ya miaka? Siku tatu kabla ya kliniki kaeni pamoja na muulizane: nani atakwenda, nani atabaki na watoto wengine, nauli ipo, na mvua ikinyesha tutafanyaje.

Pili, ni kumbukumbu. Nunua daftari dogo liwe la mtoto huyu peke yake. Andika ameweza nini kipya mwezi huu, kimemshinda nini, degedege limempata siku zipi na lilidumu muda gani, na amekula vipi. Andika na maswali yako, kwani ukiingia chumbani utayasahau. Kama una simu yenye kamera, mchukue mtoto akiwa anacheza au anakula nyumbani, kwa sababu mara nyingi akifika mbele ya mgeni hulia na asioneshe anachokiweza. Daftari, kadi ya kliniki na vyeti vya nyuma viweke katika mfuko mmoja, ukae sehemu moja.

Tatu, ni mwili wa mtoto. Usiku wa kuamkia kliniki alale mapema. Asubuhi anywe uji wake, na apate muda wa saa moja au zaidi kabla ya mazoezi ili asitapike. Dawa ya degedege asiikose eti kwa sababu mna safari. Mvishe nguo pana inayovuka kwa urahisi, na ubebe nguo ya akiba, nepi na khanga ya kutandika. Beba kikombe na kijiko anachotumia nyumbani, ili mtaalamu aone anavyolishwa na akurekebishe. Beba na kitu anachokipenda kuchezea. Kama ameamka na homa, mpeleke atibiwe homa kwanza, na umwarifu mtaalamu wa mazoezi.

Nne, ni roho ya mtoto. Hapa wengi tunakosea. Ni kawaida yetu kumwambia mtoto: "Ukilia, daktari atakuchoma sindano." Au tunamdanganya kuwa tunakwenda dukani kununua pipi, kumbe tunakwenda hospitali. Imepokewa katika Sunan Abu Daud kuwa Abdullah bin Amir (r.a.), alipokuwa mdogo, aliitwa na mama yake kwa ahadi ya kupewa kitu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba ni tende. Mtume akamweleza kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda hazungumzi, lakini wengi wao wanasikia na wanaelewa kuliko tunavyodhani. Mwambie ukweli kwa upole: kesho tunakwenda kwa shangazi wa mazoezi, atakunyoosha miguu, mama atakuwepo, kisha tutarudi nyumbani. Mwili wa mtoto mwenye hofu hukaza, na mwili uliokaza haufanyi mazoezi.

Tano, ni nauli. Sera ya afya ya nchi yetu inataka watoto chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali, lakini sera hiyo haipandi Coaster kwenda Mbeya. Familia nyingi huacha kliniki kwa kukosa nauli, wala si kwa kukosa mapenzi. Weka kikopo, kila jioni utie kidogo kilichopatikana kwenye ndizi, viazi au maziwa. Kikopo hicho kisiguswe kwa jambo jingine.

Ndani ya chumba cha mazoezi

Usimkabidhi mtoto kisha ukakaa pembeni na simu. Kaa karibu, tazama mikono ya mtaalamu inavyoshika nyonga, goti na bega. Kisha mwombe na wewe ufanye mbele yake akusahihishe, na usiondoke mpaka aseme umepatia. Ukiona jambo hulielewi, uliza, usione haya. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na elimu ya kumtunza mtoto nayo inataka ujasiri huohuo.

Uliza mambo haya: zoezi hili ni la nini, nilifanye mara ngapi kwa siku, nikiona dalili gani niache, na tarehe ya kurudi ni lini. Kama zoezi fulani linamuumiza mtoto, au halifanyiki nyumbani kwenu kwa sababu ya nafasi au kazi, sema ukweli. Mtaalamu atakupa jingine.

Kazi iko nyumbani

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa amali zinazopendwa zaidi na Allah ni zile zinazodumu hata kama ni chache. Hadithi hiyo ya Bibi Aisha (r.a.) imo katika Bukhari na Muslim, na kwangu mimi ndiyo msingi wa tiba yote hii. Dakika kumi kila siku ni bora kuliko saa mbili siku ya kuamkia kliniki ili tusiaibike mbele ya mtaalamu.

Sisi tuliporudi siku ile, mimi na mama yake tulikaa tukayagawa mazoezi kwa vipindi vya swala, maana swala tano ndiyo saa ambayo nyumba ya Muislamu haiisahau. Nikirudi msikitini baada ya Alfajiri, namnyoosha miguu mimi mwenyewe, uji ukiwa jikoni. Baada ya Adhuhuri bibi yake anamkalisha kwenye kona ya ukuta, mito huku na huku, wakipiga soga. Baada ya Alasiri kaka yake na dada yake wanamviringishia mpira kutoka upande wa mkono anaoukwepa. Baada ya Magharibi anajilisha mwenyewe, ameketi wima na kichwa kimeinama mbele kidogo. Kamwe hatumlishi akiwa amelala chali, kwani chakula huweza kuingia njia ya hewa. Baada ya Isha mama yake anamnyoosha mara ya mwisho, kisha analala. Mtoto wako atapangiwa mengine, lakini mpango huu unaweza kuuiga.

Leo mwanangu ana miaka minne. Hatembei, na sijui kama Allah amemkadiria kutembea. Lakini anakaa bila kushikwa, na ile ngumi ya mkono wa kulia imefunguka kiasi cha kushika kipande cha ndizi. Siku alipokipeleka mdomoni mwenyewe, mama yake alitoka nje kulia. Mimi nilisujudu sijda ya kushukuru.

Wajibu wa baba na wa msikiti

Akina baba wenzangu, angalau mara moja katika kliniki tatu, nenda wewe. Ukishindwa kwenda, mama anaporudi msikilize, soma daftari, na ujifunze zoezi jipya usiku uleule. Mtoto anavyokua anakuwa mzito, na mgongo wa mama anayembeba kwa khanga kutoka kijijini mpaka barabarani si wa chuma.

Na sisi jamaa wa msikiti tujiulize. Allah (s.w.) aliteremsha aya za mwanzo wa Suratu Abasa kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume (s.a.w.) akizungumza na wakubwa wa Kikureishi. Kipofu yule baadaye akawa muadhini pamoja na Bilal (r.a.), na Mtume akawa anamwachia usimamizi wa Madina anaposafiri. Basi katika msikiti wetu, mtoto asiyeweza kutembea analetwa? Au anafungiwa chumbani wageni wakija? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazilinda haki zake, na kabla ya sheria hiyo Qur'an ilikwishatukumbusha.

Pendekezo langu ni dogo. Kila msikiti katika wilaya yetu ya Rungwe ujue idadi ya watoto wa namna hii katika mtaa wake. Katika sadaka ya Ijumaa itengwe nauli ya kliniki, na familia iliyo fakiri ipewe katika zaka bila kuombaomba. Wazazi wanaokwenda siku moja wasafiri pamoja, wabebane. Vijana wetu wenye bodaboda waamue kuwa mtoto wa mazoezi anafikishwa stendi bure. Na imamu, kabla ya siku ya kliniki, aulize baada ya swala: nani anakwenda kesho, na amekosa nini?

Ndugu msomaji, kama una mtoto wa aina hii nyumbani, usiache ukurasa huu upite hivihivi. Leo jioni itafute kadi yake na uangalie tarehe. Kisha kaa chini, umshike mkono, uone anavyoushika wako. Siku ukiulizwa na mtaalamu, utakuwa na jibu. Na siku ukiulizwa na aliyekukabidhi amana hiyo, pia utakuwa na jibu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape afya watoto wetu, awape subira mama zao, na atuamshe sisi baba zao.

Wabillahi Tawfiq.